Thamani ya Obokano: Kukadiria na Kukatia Bima Ala Zetu Kongwe

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Itumbe, Kaunti ya Kisii

Nawashukuru wenye obokano hizi mbili zilizowekwa hapa mbele, moja kongwe na moja mpya. Nawaomba wasiondoke mapema, maana nitazirejelea mara kwa mara.

Nia yangu ni moja. Nataka tukubaliane kwamba kila obokano kongwe iliyobaki katika vilima hivi iandikiwe thamani yake ingali nzima, na kwamba bima ifuate maandishi hayo. Wengi huanza upande wa pili. Huuliza kwanza kampuni gani inakata bima ya vyombo vya muziki na ada yake ni kiasi gani. Hilo ni swali jema, lakini haliwezi kujibiwa kabla ya jingine: ni nini hasa tunachotaka kukikatia bima, na tutathibitishaje kwamba tulikuwa nacho?

Kwa vijana ambao wameisikia obokano redioni tu, niseme maneno machache. Ni kinubi cha nyuzi nane. Bakuli lake ni la mbao, limewambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili inapanda juu kubeba mti wa kukazia nyuzi. Zamani nyuzi zilitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane, na Wabukusu wana litungu ya nyuzi saba. Obokano inazipita zote kwa ukubwa na kwa uzito wa sauti. Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki na maigizo wa serikali ya Kenya, alieleza ala za nchi hii katika kitabu chake cha 1975, na baada yake George Senoga-Zake akaandika juu ya muziki wa asili wa Kenya mwaka 1986. Kwa hiyo tunajua kwa maandishi obokano ni nini. Ambacho hakijaandikwa ni obokano ipi iko kwa nani.

1. Bei ya mchongaji haitoshi

Anayetaka obokano mpya humwendea mchongaji, wakapatana, kazi ikaanza. Ndani ya bei hiyo mna gogo, ngozi, nyuzi na siku za kazi. Kampuni ya bima itaitafuta bei hiyo kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuipata. Mkikubali hapo, mmekwisha kupoteza.

Itazameni ile ya kushoto. Mbao zake zimekauka kwa miaka mingi karibu na moshi wa jikoni. Ukingo wa bakuli umelainishwa na mikono ya waliokuwa wakiishika. Ngozi ina kiraka, na aliyekishona alijua kazi yake, kwani hakuivuta ngozi upande mmoja. Nyuzi ni mpya kabisa. Mthamini akiingia humu atauliza nani aliichonga na lini. Sehemu zipi ni za tangu mwanzo na zipi zimebadilishwa. Nani ameipiga, katika arusi zipi, mbele ya watu gani. Na mwisho ataomba ipigwe. Kwa maoni yangu nyuzi zisihesabiwe sana, kwa sababu nyuzi ni kitu cha kuisha. Ngozi nayo huchakaa, ikawambwa nyingine. Bakuli na mikono yake ndivyo vyenye uzito. Obokano iliyobadilishiwa ngozi mara kadhaa bado ni ile ile, ila iliyobadilishiwa bakuli ni nyingine, hata kama familia inaiita kwa jina la babu.

Duniani kuna watu wanaoishi kwa kazi hii. Mwaka 2011 fidla iliyotengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1721, ijulikanayo kama Lady Blunt, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 15, na fedha zikaenda kuwasaidia walioathiriwa na tetemeko na tsunami nchini Japani. Mtasema ni fidla nzuri. Ni kweli, lakini uzuri peke yake haufikishi bei hiyo. Jina la fundi linajulikana, mwaka unajulikana, na wamiliki wake wanajulikana, akiwamo Lady Anne Blunt aliyeipa jina. Karatasi zimeongozana nayo mkono kwa mkono. Obokano ya kushoto imepigwa na watu wanne wa ukoo mmoja, kama nilivyoambiwa asubuhi hii, wala hakuna hata ukurasa mmoja unaosema hivyo. Mzee anayeyajua yote ameketi mstari wa mbele. Naomba kijana mmoja mwenye kalamu aende kuketi karibu naye kabla hatujatawanyika.

Kuna ala zisizo na soko kabisa. Katika Makumbusho ya Lamu zimo siwa mbili mashuhuri, ya pembe za ndovu iliyotoka Pate na ya shaba ya Lamu, zilizokuwa zikipulizwa katika sherehe za watu wakubwa wa pwani. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Kwa hiyo ukitafuta bei halali ya siwa ya Pate katika soko la dunia hutaipata. Je, haina thamani? Kwa ala kama hiyo thamani hukaa kwa makubaliano, watu wenye ujuzi wakae na mwenye mali na mwenye bima, wataje kiasi, waandike, watie sahihi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotufaa sisi.

2. Sheria haitatulinda kwa umri peke yake

Wengi hudhani kila kitu cha zamani kinalindwa na serikali. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Sasa hesabuni. Obokano iliyochongwa mwaka 1930, ambayo kwetu ni ya babu wa babu, haiingii. Mbao na ngozi katika milima yenye mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka hazidumu kirahisi karne moja na robo. Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu mahususi kuwa kinalindwa, lakini hawezi kutangaza asichokijua. Tunarudi kwenye karatasi.

Kinachotokea pasipo karatasi tumekiona. Mwanzoni mwa karne ya ishirini maofisa wa Waingereza waliwanyang'anya Wapokomo wa Mto Tana ngoma yao kuu, Ngadji. Iko British Museum, London, na Wapokomo wamekuwa wakiidai. Na si hiyo tu. Mradi uliowaunganisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani ulitafuta vitu vya Kenya vilivyo nje, ukaorodhesha zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 tu za Ulaya na Marekani. Wenzetu wa huko walikuwa na orodha. Walioondokewa na vitu hawakuwa nayo.

3. Bima inavyofanya kazi, na mahali inapokwama

Hapa nitakaa kidogo. Katika miaka ya karibuni ada zote za bima nchini Kenya zimekuwa chini ya asilimia 3 ya pato la taifa, na wengi wetu tumekutana na bima kwa njia ya gari au hospitali tu. Wakulima wa chai mnaifahamu Majani, kampuni ya udalali wa bima iliyo chini ya shirika la chai la KTDA. Kwa hiyo si kitu kigeni hapa. Ila bima ya chombo cha muziki ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni mwenye mali. Sheria ya bima hudai anayekata bima awe na maslahi katika kitu hicho, yaani kikipotea yeye apate hasara. Obokano ya ukoo ni ya nani? Ya mwana wa kwanza aliyeirithi? Ya mpwa anayeipiga? Ya mama mzee ambaye nyumbani kwake ndimo inamolala? Nimeona madai yakikaa miezi kwa sababu ndugu watatu walijitokeza, kila mmoja akisema ni yake, na kampuni ikasubiri wapatane. Kikao cha familia kifanyike mapema, jina moja liandikwe kwa niaba ya wote, na mgawanyo wa fidia uwekwe wazi. Naona wazee wanatikisa vichwa. Najua ni kikao kigumu. Lakini baada ya obokano kuungua kitakuwa kigumu mara mbili.

Wa pili ni kukata bima ya kiasi kidogo ili kupunguza ada. Tuchukue mfano wa kubuni. Obokano imekadiriwa kuwa ya shilingi 60,000. Mwenyewe, kwa kubana matumizi, anaikatia bima ya shilingi 20,000. Inaanguka kutoka kwenye matatu, mkono unavunjika, matengenezo ni shilingi 15,000. Anatarajia kulipwa 15,000, kwa kuwa ni chini ya 20,000. Kampuni itamlipa 5,000. Amekatia bima theluthi moja ya mali, basi analipwa theluthi moja ya hasara, na theluthi mbili ni zake mwenyewe. Kanuni hii imo katika hati nyingi za bima ya mali, nayo huwaumiza watu wengi wasioisoma. Kisha kutoka hizo 5,000 huenda wakaondoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye mali hujibebea katika kila hasara.

Wa tatu ni uchakavu. Kompyuta ya miaka kumi ina thamani ndogo kuliko mpya, na hati za kawaida zimeandikwa kwa mawazo hayo. Kila mwaka unaopita, kiasi fulani kinakatwa. Kwa obokano hesabu hiyo ni dhuluma. Dawa yake ni ile ya siwa: thamani ya makubaliano. Mnakubaliana na kampuni tangu mwanzo kwamba chombo hiki, chenye picha hizi na maelezo haya, kikipotea chote, kitalipwa kiasi hiki, bila mabishano ya umri. Ada hupanda kidogo. Mimi nawashauri mlipe. Na thamani hiyo irejelewe kila baada ya miaka michache, kwa sababu shilingi ya leo haitanunua kile kile kesho.

Wa nne ni yale yasiyolipwa. Wadudu wanaotoboa mbao, mchwa, unyevu unaoingia polepole, ngozi inayopasuka kwa jua, kukatika kwa nyuzi: haya kwa kawaida hayalipwi, kwa kuwa bima ni ya ajali, nayo haya huja kidogo kidogo. Moto hulipwa. Radi pia, maana hati ya kawaida ya moto huhesabu radi pamoja na moto, na hapa Gusii radi tunazijua. Wizi hulipwa ikiwa mlango ulivunjwa. Ukiacha obokano ndani ya gari lisilo na mtu, mara nyingi hutapata kitu. Tena hati ya nyumba hulinda kilichomo nyumbani. Obokano ikipelekwa Nakuru au Nairobi kwa tamasha, ulinzi huo unaweza kubaki nyumbani. Walimu mnaosafiri na wanafunzi kwenda Tamasha la Muziki la Kenya, ala zikiwa zimefungwa juu ya basi, ulizeni kwa maandishi kama safari imo, na kama muda wa kuonyesha jukwaani umo.

Na mfanyakazi wa kampuni akija na fomu, mwambieni kila kitu. Mkono ulioshikizwa kwa gundi mwaka jana, usemeni. Bima hujengwa juu ya ukweli kamili. Jambo lililofichwa linaweza kuivunja hati nzima, hata kama halikuhusiana na ajali. Kampuni nayo ikikataa kulipa bila sababu ya haki, kuna Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, inayopokea malalamiko ya wananchi.

4. Baada ya fidia, mabaki ni ya nani?

Mwaka 2015, katika filamu moja ya Marekani, mwigizaji alilivunja gitaa aliloambiwa alivunje, bila kujua kwamba lilikuwa lenyewe hasa la miaka ya 1870, lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho la kampuni ya Martin. Makumbusho yalilipwa bima. Gitaa halikurudi, na makumbusho yakaamua kutoazima tena magitaa kwa watengenezaji wa filamu. Mwezi Februari 2020, Ballaké Sissoko wa Mali, bingwa wa kinubi cha kora, alisafiri kutoka New York hadi Paris akakuta kora yake imevunjwavunjwa ndani ya kasha. Idara ya usalama wa viwanja vya ndege ya Marekani ilikana kuifungua. Kora ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili yake. Duka la kununua nyingine kama ile halipo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Kampuni ikishalipa thamani yote ya kitu, mabaki yake huwa mali ya kampuni. Kitu kilichoibwa kikipatikana baadaye, nacho ni cha kampuni. Mpiga fidla Roman Totenberg aliibiwa Stradivari yake ya mwaka 1734 baada ya onyesho huko Massachusetts mwaka 1980. Alilipwa fidia. Alifariki mwaka 2012 bila kuiona tena. Ilipopatikana mwaka 2015, binti zake walilazimika kuirudishia kampuni fedha alizolipwa baba yao ndipo fidla ikawa yao. Hao walikuwa na bahati, na walikuwa na fedha.

Sasa fikirieni bakuli la obokano lililopasuka vipande viwili. Kwa kampuni ni kuni. Kwa mchongaji wa hapa ni kipimo: unene wa ukuta, mteremko wa ndani, nafasi ya tundu. Kwa hiyo natoa pendekezo ambalo nalishikilia kwa nguvu. Kila hati ya obokano iwe na kifungu kwamba mabaki yanabaki kwa familia, au familia ina haki ya kwanza kuyakomboa kwa bei ndogo iliyotajwa. Kampuni hazitakataa, kipande cha mbao hakiwafaidii kitu. Ila lazima tuombe kabla ya kutia sahihi.

Na kuna hasara ambayo hakuna hati inayoilipa. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda lilishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Ala za kifalme ziliharibiwa na nyingine kutawanyika, na mwaka uliofuata falme zenyewe zikafutwa, hadi 1993. Uganda haikukosa magogo ya kuchonga ngoma na akadinda, yaani marimba kubwa, mpya. Wapigaji waliokuwa wakihudumu kasrini kwa zamu ndio waliotawanyika, na mpangilio wao wa kufundishana ukakatika. Kilichookolewa kiliokolewa na wachache kama Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri aliyeendelea kufundisha. Kwa sababu hiyo natamani sehemu ya fidia yoyote ya obokano ielekezwe tangu mwanzo kumlipa mchongaji pamoja na kijana mmoja wa kumsaidia, ili obokano ikirudi irudi na fundi mpya.

5. Kinga na kikundi

Hili ni fupi. Obokano isiegemezwe ukutani palipo na unyevu. Itundikwe, hewa izunguke. Nyuzi zilegezwe kidogo isipotumika. Ikisafiri, iwe na sanduku gumu, na isifungwe juu ya gari. Hatua hizi hupunguza hasara zile zile ambazo bima hazilipi. Tena mtu mmoja mwenye obokano moja hana nguvu mbele ya kampuni, lakini kikundi kilichosajiliwa chenye ala ishirini kinaweza kupata hati moja, ada nafuu, na masikilizano juu ya vifungu nilivyotaja. Vyama vya akiba tunavijua vizuri hapa. Kikundi kiweke pia mfuko mdogo kwa ajili ya ngozi na nyuzi, ambavyo bima haitavigusa.

Ndugu zangu, naomba tuanze sasa. Nimemwachia mwenyekiti fomu ya ukurasa mmoja kwa Ekegusii na Kiswahili. Inataka jina la mwenye obokano, jina la mchongaji likijulikana, vipimo vya bakuli na mikono, sehemu zilizobadilishwa, majina ya wapigaji kwa mfuatano, picha za pande zote, na rekodi ya dakika chache kwa simu. Walimu wa muziki wamekubali kuwatuma wanafunzi wao wakati wa likizo ya Agosti, wawili wawili, kwa kila boma linalosemekana lina obokano. Nakala moja itakaa kwa familia, moja shuleni, na ya tatu tutaipeleka kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti. Orodha ikikamilika, kikundi kitaitisha barua za bei kutoka kampuni zisizopungua tatu, nami nimejitolea kuzisoma nanyi kifungu kwa kifungu, katika ukumbi huu huu. Wenye obokano hizi mbili, kama mmeridhia, fomu ya kwanza na ya pili tuzijaze leo kabla ya chakula.